Seretse Khama na Shauri la Ndoa Yake

Ukiitazama ramani ya Afrika, msomaji, ukashuka kutoka kwetu Kenya kuelekea kusini, ukapita Tanzania na Zambia na kuuvuka mto Zambezi, utafika katika nchi pana iitwayo Botswana. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni jangwa la Kalahari. Mvua ni haba huko, nayo huthaminiwa hata neno la mvua katika lugha yao, yaani pula, limekuwa neno la baraka. Watu wakipendezwa na jambo katika baraza hupaza sauti wote pamoja wakasema, "Pula!" Likumbuke neno hilo, maana tutalisikia tena kabla hadithi yetu haijakwisha.

Upande wa mashariki wa nchi hiyo upo mji wa Serowe, ambao ni makao makuu ya Wangwato. Mtawala wao mashuhuri, Khama wa Tatu, ndiye aliyewahamishia watu wake hapo mwaka 1902. Ulikuwa mji wa nyumba za udongo za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi, na kila ukoo ulikuwa na mtaa wake. Mahali pa heshima kuliko pote palikuwa ni kgotla, yaani uwanja wa baraza ulio mbele ya ua wa mtawala, uliozungushiwa nguzo za miti. Hapo ndipo kesi zilipoamuliwa, na hapo ndipo mambo ya nchi yaliposhauriwa. Mwanamume yeyote mzima aliweza kusimama akasema lake, na mtawala alikuwa wa mwisho kusema, baada ya kuwasikiliza watu wote. Wazee wa huko walikuwa na methali isemayo kwamba mtawala ni mtawala kwa ajili ya watu wake.

Khama huyo alijua pia kutetea shauri mbele ya wageni. Mwaka 1895 yeye na watawala wenzake wawili, Sebele na Bathoen, walisafiri mpaka Uingereza kuwasihi wakubwa wa huko wasiitie nchi yao mikononi mwa kampuni ya Cecil Rhodes. Walizunguka mijini wakihutubia watu, na mwishowe walisikilizwa kwa sehemu kubwa. Nchi ikaendelea kuwa chini ya ulinzi wa Serikali ya Kiingereza, kwa jina la Bechuanaland. Basi tusistaajabu kwamba mjukuu wa mtu kama huyo alipelekwa kujifunza sheria.

Mjukuu huyo ni Seretse, aliyezaliwa Serowe tarehe 1 Julai 1921. Baba yake, Sekgoma, alikuwa amegombana na mzee Khama kwa miaka mingi, nao wakapatana mwishoni. Mtoto alipozaliwa akapewa jina la Seretse, maana yake udongo unaoshikamanisha, kuwa ukumbusho wa mapatano hayo. Khama alifariki mwaka 1923, na Sekgoma akamfuata mwaka 1925. Seretse akarithi utawala akiwa na umri wa miaka minne tu. Mtoto wa miaka minne hawezi kuamua kesi. Kwa hiyo baba yake mdogo, Tshekedi, aliitwa kutoka chuoni Fort Hare, akaja kushika utawala kwa niaba ya mtoto. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, akaacha masomo yake mwenyewe ili ailinde amana ya mwingine.

Nataka umtazame vema Tshekedi, msomaji, kwa kuwa katika hadithi hii ni rahisi kumfanya adui, naye hakuwa adui. Alimlea Seretse kama mwanawe. Alimpeleka katika shule zilizosifika kusini mwa Afrika, zikiwamo Lovedale na Tiger Kloof, kisha akampeleka Fort Hare alikopata shahada mwaka 1944. Aliamini kwamba mtawala wa siku zijazo atapambana na Wazungu kwa karatasi na kwa sheria, wala si kwa mikuki. Kwa ajili hiyo alimkubalia kijana aende Uingereza. Seretse alifika huko mwaka 1945, akasoma kwanza katika chuo cha Balliol, Oxford. Mwaka uliofuata akahamia London, akaingia Inner Temple.

Inner Temple ni mojawapo ya vyama vinne vya kale vinavyowafunza mawakili wa Uingereza. Gandhi wa India alisomea hapo zamani. Mwanafunzi hukaa na vitabu vizito vya sheria na kesi za zamani, na siku hizo desturi ilimlazimu pia kula chakula cha jioni ukumbini mara nyingi pamoja na mawakili, ili ajifunze mwenendo wao. Seretse alikuwa na umri wa miaka 25, mrefu, mpenda michezo, mcheshi. Lakini London ya baada ya vita ilikuwa mji wa baridi na upweke, na mtu mweusi aliyetafuta chumba cha kupanga alizoea kufungiwa mlango.

Hata ilipofika Juni 1947, alikwenda kwenye dansi katika nyumba ya wanafunzi iitwayo Nutford House. Hapo akajulishwa kwa msichana mmoja Mwingereza, jina lake Ruth Williams. Ruth alizaliwa kusini mwa London mwaka 1923. Wakati wa vita alikuwa katika jeshi la wanawake la anga, akiendesha gari la wagonjwa, na sasa alikuwa karani katika afisi ya bima. Dada yake, Muriel, ndiye aliyewajulisha. Mwanzo hapakuwa na jambo kubwa baina yao. Kisha wakagundua kwamba wote wawili wanapenda muziki wa jazi, wakaanza kwenda kuusikiliza pamoja. Urafiki ukakua polepole, kama moto wa kuni mbichi. Baada ya mwaka mmoja Seretse akamwuliza kama atakubali kuolewa naye, na Ruth akakubali.

Hapa ndipo shauri linapoanza. Seretse alijua desturi ya kwao. Mke wa mtawala ni mama wa nchi. Hachaguliwi na kijana peke yake, bali na wazee wa ukoo, na watu wote hupewa habari barazani. Seretse hakutaka ruhusa kwanza. Aliandika barua kwa baba yake mdogo kumjulisha kwamba ataoa, na siku ya harusi ilikuwa karibu mno hata isingewezekana wazee kukutana. Alijua kwamba akiomba atakataliwa. Je, alikosa adabu? Nimewasomea wanafunzi wangu habari hii mara nyingi, na kila mara darasa hugawanyika mahali hapa hapa. Wengine husema kwamba ndoa ni ya watu wawili. Wengine husema kwamba kijana aliyelelewa na kusomeshwa kwa ng'ombe za watu hana haki ya kuwageuzia kisogo. Fikiri nawe, lakini usikate shauri upesi.

Tshekedi alipopata barua alishikwa na hofu kuu. Akapeleka simu kwa wamisheni na kwa wakubwa wa serikali akiwaomba waizuie ndoa hiyo. Harusi ilikuwa ifungwe kanisani mwezi wa Septemba 1948. Kasisi akaogopa, akawapeleka kwa Askofu wa London, naye askofu akasema hataruhusu mpaka serikali ikubali. Bwana na bibi harusi wakatoka kanisani bila kufunga ndoa. Baba yake Ruth naye alikasirika, hakutaka tena kumwona bintiye nyumbani, na kazini Ruth hakuweza kubaki.

Mwanafunzi wa sheria hakukosa kujua kwamba nchini Uingereza ndoa haikuhitaji askofu. Siku chache baadaye, tarehe 29 Septemba 1948, walikwenda asubuhi katika afisi ya serikali ya kuandikisha ndoa huko Kensington, wakaoana mbele ya mwandishi na mashahidi. Sheria ya Uingereza haikuwa na neno. Lakini sheria ya Serowe ilikuwa bado haijasikilizwa.

Seretse akaitwa nyumbani. Alikwenda peke yake, akasimama katika kgotla mbele ya watu wake mwezi wa Novemba, na tena Desemba. Mzee baada ya mzee alisimama akasema kwamba ndoa hiyo imevunja desturi. Tshekedi akasema kwamba yeye hamkatai kijana. Anakataa jambo alilolifanya. Kama mtawala anaweza kuivunja sheria inayomhusu yeye, atawahukumu wengine kwa sheria gani? Hoja hiyo, msomaji, ilikuwa nzito, na Seretse hakuidharau. Alikiri mbele ya wote kwamba alikosa kwa kutowashauri. Alilokataa ni kumwacha mkewe. Wengi siku hizo walikuwa kinyume chake, naye akarudi London bila ushindi.

Baraza la tatu likakutana mwezi wa Juni 1949, na watu waliofika walikuwa maelfu. Siku zilizopita zilikuwa zimebadili mioyo. Vijana waliona kwamba Seretse ndiye mrithi wa haki, na kwamba hakuna awezaye kuufuta ukoo wake kwa sababu ya mke. Wengine walianza kunong'ona kwamba huenda Tshekedi anakitaka kiti kwa ajili yake mwenyewe. Baada ya maneno ya siku nyingi, Seretse akasimama. Hakutoa hotuba ndefu. Aliwataka wale wasiomkubali yeye pamoja na mkewe wasimame. Wakasimama watu kiasi cha arobaini, wakubwa wa ukoo. Kisha akawataka wanaomkubali wasimame. Umati wote ukainuka kama mtu mmoja, wakapiga kelele, "Pula! Pula! Pula!" Sauti hizo zilidumu dakika nyingi. Shauri la Serowe likawa limekwisha, tena limekwisha kwa njia ya haki, barazani, mchana, mbele ya macho ya wote.

Ruth akawasili mwezi wa Agosti. Watu walidhani hataweza kuvumilia vumbi, joto, na nyumba isiyokuwa na maji ya mfereji. Akavumilia, akaanza kujifunza lugha, na wanawake wa Serowe wakaja kumwamkia.

Lau mambo yangeishia hapo, tungekuwa na hadithi fupi ya furaha. Lakini kulikuwa na jirani. Mwezi wa Mei 1948 chama cha D. F. Malan kilikuwa kimeshinda uchaguzi Afrika Kusini, kikaanza kuitengeneza siasa ya ubaguzi iitwayo apatheidi. Mwaka 1949, mwaka ule ule wa baraza la tatu, bunge la huko lilipitisha sheria ya kukataza ndoa baina ya Wazungu na watu wa rangi nyingine. Sasa mpakani pake pangekaa mtawala Mwafrika na mke Mzungu, wakiheshimiwa na watu wote. Serikali ya Malan ikakasirika sana. Nayo Uingereza ilikuwa na madeni makubwa baada ya vita, ilihitaji dhahabu ya Afrika Kusini, na ilitaka madini ya urani ya kutengenezea silaha za atomiki. Tena iliogopa kwamba Malan atadai apewe Bechuanaland.

Mwakilishi mkuu wa Uingereza katika nchi hizo za kusini alikuwa Sir Evelyn Baring. Jina hilo sisi Wakenya tunalijua. Ndiye aliyekuja kuwa Gavana wetu mwaka 1952, na mwezi wa Oktoba mwaka huo akatangaza Hali ya Hatari. Kabla ya kuja kwetu, aliishauri serikali yake isimtambue Seretse. Basi, ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya jaji Harragin. Tume ikasikiliza mashahidi, ikaandika taarifa ya ajabu: kwamba Seretse anafaa kabisa kutawala kwa akili na kwa elimu, lakini asitawale, kwa kuwa ndoa yake inaichukiza serikali ya jirani. Serikali ya Uingereza iliona aibu kuitoa taarifa hiyo. Ikafichwa kwa miaka mingi.

Tazama tofauti ya mabaraza hayo mawili. Kgotla ya Serowe ilimsikiliza mshtakiwa mbele ya watu, ikatoa hukumu mbele ya watu, na sababu zikajulikana. Serikali iliyojisifu kwamba imeleta sheria Afrika ilikata shauri chumbani na kuzificha sababu. Kijana aliyetumwa Uingereza kujifunza haki aliikuta nyumbani kwao, chini ya anga, na ilikuwa imekosekana kule alikoifuata.

Mwanzoni mwa mwaka 1950 Seretse akaalikwa London kwa mazungumzo. Ruth alikuwa mja mzito, akabaki Serowe. Kumbe mwaliko ulikuwa mtego. Seretse akataka kujua kama atarudi. Akaambiwa aache utawala kwa hiari, apewe posho ya kila mwaka. Akakataa. Mwezi wa Machi serikali ikatangaza kwamba hataruhusiwa kukaa kwao kwa muda wa miaka mitano. Binti yao wa kwanza, Jacqueline, alizaliwa mwezi wa Mei, na baba alipewa ruhusa fupi tu kuja kuwaona na kumaliza mambo yake. Mwezi wa Agosti wote watatu wakaondoka. Mwaka 1952 serikali nyingine ya Uingereza ikageuza ile miaka mitano kuwa marufuku ya daima. Wakampa Seretse kazi katika kisiwa cha Jamaica, mbali na Afrika; nayo akaikataa.

Wakaishi Croydon, karibu na London. Fikiri, msomaji, maisha ya mtu aliyezaliwa kutawala, akikaa miaka katika mtaa wa nyumba za matofali zinazofanana, akingoja barua. Hakupata kuwa wakili mahakamani kama alivyokusudia. Huko Serowe nako Wangwato walikataa kuchagua mtawala mwingine. Serikali ilipowashurutisha mwaka 1952, fujo ikatokea katika kgotla na askari watatu Waafrika wakauawa. Msiba huo usisahauliwe tunapoisimulia hadithi ya mapenzi. Uamuzi wa chumbani mara nyingi hulipiwa na watu ambao hawakuwamo chumbani.

Ufunguo wa kuifungulia njia ulikuwa mkononi mwa Tshekedi. Naye alikuwa amefukuzwa katika nchi ya Wangwato, kwa kuwa serikali haikumtaka huyu wala yule. Miaka ikapita, hasira ikapoa. Mwana na baba yake mdogo wakakaa tena pamoja, wakazungumza. Mwaka 1956 wote wawili wakatia sahihi kwamba wanaacha madai ya utawala, wao na watoto wao, ili Seretse arudi nyumbani kama raia wa kawaida. Hapo lile jina alilopewa utotoni likatimia: udongo uliopasuka ukashikamana tena. Tshekedi alifariki mwaka 1959, wakiwa wamekwisha patana.

Seretse akarudi kufuga ng'ombe, kama mtu yeyote wa Serowe. Lakini watu hawakumsahau. Mwaka 1962 alianzisha chama cha siasa pamoja na wenzake, na mwaka 1965 chama hicho kikashinda uchaguzi, naye akawa Waziri Mkuu. Tarehe 30 Septemba 1966 nchi ikapata uhuru kwa jina la Botswana, na Seretse Khama akawa Rais wake wa kwanza. Ukihesabu kutoka siku ile ya Kensington, utaona ni miaka 18 na siku moja. Bibi arusi aliyekataliwa na askofu alisimama karibu naye akiwa mke wa Rais.

Nchi aliyoipokea ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, yenye ukame, na barabara za lami zilikuwa kilomita chache tu. Mwaka uliofuata almasi zikavumbuliwa huko Orapa. Nchi nyingine zimevumbua mali zikaangamia kwa mali hiyo. Botswana ilikuwa imekwisha kukubaliana kwamba madini yatakuwa mali ya taifa zima, si ya kabila moja, ijapokuwa almasi hizo zilikuwa katika ardhi ya Wangwato, kabila la Rais mwenyewe. Seretse aliongoza mpaka alipofariki tarehe 13 Julai 1980. Ruth hakurudi Uingereza kukaa. Alibaki Botswana mpaka alipofariki mwaka 2002, akazikwa Serowe karibu na mumewe.

Sasa turudi kwenye swali nililokuomba usilikatie shauri upesi. Je, Seretse alikosa? Mimi naona kwamba alikosa jambo moja, nalo alilikiri: hakuwashauri wazee wake. Lakini kosa la kutoshauri halikuondolewa kwa kosa jingine lililo kubwa zaidi, yaani kumwacha mtu aliyempa ahadi. Alikwenda akasimama mbele ya watu aliowakosea, akayasikia maneno yao machungu, akakubali kuhukumiwa nao mara tatu. Wengi wetu tukikosa hujificha. Tukishindwa baraza la kwanza, hatuendi la pili, sembuse la tatu.

Siku moja nawe utasimama mbele ya wazee wako na jambo ambalo hawalipendi. Huenda likawa ni ndoa, huenda likawa ni kazi au imani. Siku hiyo huenda wao ndio watakaokuwa na haki, au wewe. Nenda barazani hata hivyo, ukawasikilize mpaka mwisho, kisha useme lako.